Jasho la Wakati wa Baridi si la Kuchekwa

KATIKA miezi ya Juni na Julai baridi ya Njombe, Makete na Mufindi huwalazimisha watu kuvaa makoti hata mchana. Hata hivyo, si ajabu kumkuta huko mwalimu au karani aliyefungua dirisha, akijipepea kwa daftari na kujifuta jasho usoni, huku wenzake wakitetemeka. Aghalabu wenzake humcheka. Wako wasemao kuwa amelewa, na wako wanong'onao kuwa amepagawa. Naye, ili kuepuka maneno, ama hunyamaza, ama hununua dawa za malaria dukani na kuzimeza bila ya kupimwa. Kejeli na kubahatisha huku hapana budi vikome, kwa sababu vinawachelewesha watu kutibiwa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba jasho lenyewe si adui. Mwili hujitahidi kudumisha joto lake karibu na nyuzi 37 za Sentigredi. Sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo husimamia kazi hiyo. Joto likizidi, huamuru tezi za jasho, ambazo mtu huwa nazo kati ya milioni 2 na 4, zitoe maji ili ngozi ipoe. Basi mtu anapotokwa na jasho jingi wakati wa baridi, huenda mwili wake unazalisha joto kupita kiasi, au msimamizi huyo wa joto amepotoshwa. Sababu ni nyingi, na kila moja ina dalili zake.

Iko tezi iliyo mbele ya koo, chini ya kongomeo, ambayo huongoza kasi ya mwili kutumia chakula. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, mgonjwa huona joto daima, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, naye hukonda ijapokuwa anakula vizuri. Si kila mwenye rovu ana ugonjwa huu, wala si kila mwenye ugonjwa huu ana rovu. Kipimo cha damu ndicho huamua, na dawa zipo.

Kwa akina mama, sababu iliyo ya kawaida mno si ugonjwa hata kidogo. Hedhi hukoma, kwa wengi, kati ya miaka 45 na 55, na mabadiliko ya homoni huuhadaa ubongo udhani kwamba mwili umepata joto. Wimbi la joto hupanda ghafla kifuani na usoni, hudumu dakika chache, kisha humwacha mtu amelowa na akisikia baridi. Kwa kuwa watumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima wakiwa na umri wa miaka 60, wengi wa mama hawa wamo kazini. Kuwacheka ni kuwacheka watu kwa sababu ya umri wao.

Jasho la usiku, linalolowesha shuka, lataka hadhari zaidi. Likiandamana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na kukonda, mtu asingoje: akapimwe kifua kikuu. Matibabu yake hapa nchini hutolewa bila malipo, na mgonjwa akitimiza dawa zake hupona. Anayechelewa huwaambukiza jamaa zake na hata wanafunzi wake.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, jasho la ghafla pamoja na njaa na kutetemeka huashiria kuwa sukari imeshuka. Apewe mara moja kinywaji chenye sukari ikiwa bado anaweza kumeza. Jasho baridi likija pamoja na maumivu ya kifua, huenda moyo umo hatarini, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Wapo pia wanaotokwa na jasho kwa sababu ya wasiwasi, unene, pombe, au dawa walizoandikiwa, kama vile baadhi ya dawa za sonona. Hao wasiache dawa kwa uamuzi wao wenyewe, bali wamwone daktari.

Kuhusu malaria, tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa nayo apimwe kabla ya kutibiwa. Anayemeza dawa kwa kubahatisha huenda akaificha homa kwa siku mbili tatu, huku maradhi yenyewe yakizidi kumla.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mtu huficha maradhi pale anapoogopa kuchekwa. Ni wajibu wa wakuu wa shule na wa idara kutoa ruhusa ya kwenda kupimwa bila ya kumhoji mtumishi mbele ya wenzake, na kumwachia kiti cha karibu na dirisha anayekihitaji. Ni wajibu wa mgonjwa kuandika jasho huja saa ngapi, limeanza lini na huandamana na nini, ili daktari apate pa kuanzia. Na sisi wengine, wajibu wetu ni mwepisi kuliko yote: tuache kucheka.