Jembe letu halimo kwenye simu

Tafuta jembe kwenye emoji za simu yako. Utakuta shoka, nyundo na sururu, na maharage yapo tangu 2021. Jembe halimo. Muhogo nao haumo, ingawa huku Muyama ugali wake ndio uliotukuza.

Mimi nina steshenari: natoa kopi, naprinti, natengeneza matangazo. Kikundi cha wakulima wa maharage kilipotaka tangazo lenye alama ya jembe katikati ya maandishi, niliona bora nilitie ndani ya fonti yenyewe. Wengi hudhani fonti ni herufi tu. Noto Color Emoji, fonti ya Google, ni ghala la picha ndogo za PNG, kila moja pikseli 136 kwa 128. Programu ya bure iitwayo fontTools inazitoa zote kwa amri moja na kuzimwaga kwenye folda. Skripti fupi ya Python ikanitafutia faili lenye namba 26CF, ambalo ndilo sururu. Nikalifuta, nikachora jembe la mkia, lile linalopenyezwa kwenye kichwa cha mpini, kwa vipimo vilevile, kisha nikaifunga fonti upya. Si wizi, leseni yake inaruhusu kubadili.

Tangazo lilitoka safi. Mwenyekiti wa kikundi akafurahi: "Kijana wangu, hebu nirushie hilo jembe WhatsApp." Hapo ikabidi nimweleze. Emoji haisafiri kama picha. Simu inatuma namba, na simu ya anayepokea ndiyo inayochagua mchoro. Jembe langu likifika Kibondo linageuka sururu.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa kompyuta wasiishie kuchezea fonti. Namba hutolewa na Unicode Consortium, Marekani, na mtu yeyote anaweza kupeleka ombi. Rayouf Alhumedhi, binti Msaudia wa miaka 15 aliyekuwa akiishi Ujerumani, aliomba emoji ya mwanamke mwenye hijabu mwaka 2016. Mwaka uliofuata emoji hiyo ikaingia. Unicode wanataka mchoro wa pikseli 72 na mwingine wa 18, nao huo wa 18 ndio mtihani, kwa sababu jembe lisipochorwa vizuri litaonekana shoka. Wanataka pia ushahidi kwamba kitu kinatafutwa sana mtandaoni, na hukilinganisha na tembo.

Kipimo hicho mimi sikikubali. Mkulima wa Heru hatafuti jembe Google. Limeegemea ukuta wa jikoni kwake. Tembo anatafutwa na watu wasiowahi hata kumwona, halafu jembe linalolisha mamilioni linaambiwa halina umaarufu!

Hata hivyo ombi liandikwe. Walimu wa TEHAMA wa Kasulu na Kibondo wawape wanafunzi kazi hiyo muhula ujao: watoe picha kwenye fonti, wachore, wakusanye ushahidi wa Kiswahili, Kiha na Kirundi. Mchoro wangu nitawapa bure. Waje na flashi.