Umeme Mdogo Karakanani

BARAZA LA JUMAMOSI, na Mwinyi Hatibu Shomari

Katika karakana za maseremala wa Keko, hapa Dar es Salaam, ni nadra kupita siku bila ya kusikia lawama za umeme mdogo: randa imezubaa, msumeno wa meza ukigusa ubao wa mninga hulia kwa sauti nzito na kukaribia kusimama, mota inanuka vanishi iliyoungua, na mwenye kazi, kabla hajafungua hata kifuniko kimoja, amekwisha kukata hukumu kwamba shirika la umeme ndilo linalomwangamiza. Pengine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini aghalabu hutolewa bila ya ushahidi, na hasara yake humrudia yeye mwenyewe, maana hitilafu iliyomo ndani ya kuta zake haitafutwi tena, na mota aliyoisukisha upya juzi itaungua mara ya pili.

Taa ya balbu ikipungukiwa na volti hufifia tu, wala haidhuriki. Mota haina nafasi hiyo, kwani ubao ulio mbele yake haupungui ugumu. Na nguvu yake ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti, hata mota iliyoundwa kwa volti 230, ikipewa 207, hubakiwa na asilimia 81 tu ya nguvu hiyo, na ikipewa 184 hubakiwa na 64. Ili iuhimili mzigo ule ule hulazimika kuvuta mkondo mwingi zaidi, na joto la mkondo nalo huzidi kwa mraba, mpaka vanishi inayozitenga nyaya zake ikakauka, ikapasuka, na mota ikafa.

Nimepata kumtazama fundi umeme mmoja wa makamo akiifanya kazi ya kutafuta volti zinapopotelea kwa utaratibu unaostahili kuigwa. Alipima kwanza kwenye swichi kuu, mashine zote zikiwa zimezimwa, akapata volti 226. Mwenye karakana akadakia, “Si nilikwambia, fundi? Hazifiki hata 230!” Fundi akamjibu kwa upole, “Subiri, mwanangu, bado hatujapasua ubao.” Akaamrisha msumeno uwashwe na ubao mnene upitishwe, akapima tena pale pale: 221. Kisha akapima penye mota yenyewe, ubao ukiwa bado unapasuliwa, mkondo ukiwa ampea 18: volti 196. Hapo ilidhihiri kwamba volti 25 zilikuwa zikipotelea baina ya swichi na mashine, ndani ya mali ya mwenye kulalamika.

Sababu zilikuwa mbili. Waya uliotandazwa ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 40, nao peke yake, kwenda na kurudi, hula takriban volti 16 kwa mkondo huo. Zilizobaki 9 zilikuwa zikiteketea katika kiungo kimoja kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe mweusi, ambao ulikuwa umeyeyuka na kung’aa kama lami. Volti 9 kwa ampea 18 ni joto la zaidi ya wati 150 juu ya ukuta wa mbao, penye vumbi la randa! Waya wa 6 ungalipoteza volti 4 tu mwendo ule wote, na mota ingaliwaka kwa wepesi pia, kwa kuwa inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida.

Wako waonao kwamba dawa ya yote haya ni stabilaiza. Mimi siafiki. Chombo hicho hupandisha volti kwa kuvuta mkondo zaidi kutoka nyuma yake, na maadamu waya ulio nyuma ni mwembamba na kiungo ni kibovu, basi upotevu na joto huzidi pale pale palipokwisha kuungua.

Mwenye mota ya fezi tatu na azipime zote tatu, kwa kuwa fezi moja ikikatika mota inayozunguka huendelea kunguruma kana kwamba ni nzima, hali inajichoma, isipokuwa imewekewa kinga ya kuikata. Na taa za upande mmoja zikififia hali za upande mwingine zinawaka kupita kiasi, hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea: zima swichi kuu, uwaite wenye njia ya umeme saa ile ile. Kupima nyaya zenye moto ni kazi ya fundi aliyehitimu, mwanafunzi asitumwe.

Ikithibiti kwamba volti huporomoka kwenye swichi kuu kabla mashine yoyote haijawashwa, hapo lawama imepata mwenyewe, na ni wajibu wa seremala kuandika saa na kipimo, siku baada ya siku, akaipeleka karatasi hiyo kwa shirika. Laini huenda ni ndefu mno, au transfoma imezidiwa, au yahitaji kubadilishiwa hatua zake za volti, na hayo yote yamo katika uwezo wa mafundi wa shirika. Ninaloliomba kwao ni kwamba waisome karatasi ile na waje katika saa iliyoandikwa, jioni watu wanapopika na wachomeleaji wangali kazini. Kwani anayekuja saa nne asubuhi hukuta volti 230 kamili, huandika kwamba hapana hitilafu, naye seremala hurudi kuisukisha mota yake.