Lumbesa nayo inahitaji vina: hip hop na haki kwa watu wa Njombe na Makambako



Kuna ubishi usioisha vijiweni Makambako, na ukipanda mpaka Njombe mjini ni uleule: hip hop inaleta haki kweli, au ni kelele za masela tu? Wengine wanasema michano haijawahi kushusha bei ya mbolea. Wengine wanasema bila michano wakubwa wangelala usingizi wa pono. Mimi naona wote wana hoja, ila wanaliruka swali la msingi: michano IPI, na inamgusa NANI?

Tuanze na yanayojulikana. Shika barabara kuu pale Makambako, elekea upande wa Tunduma, utafika Mbeya. Mji huo ndio uliompeleka Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II au Sugu, bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya CHADEMA, ukamrudisha tena 2015. Kabla ya kura kulikuwa na kanda. Miaka ya 1990 jamaa alichana kuhusu maisha ya kijana asiye na kitu, na "Hali Halisi" ikawa kama taarifa ya habari ya kitaa. Mwaka 2001 Professor Jay akashusha albamu ya Machozi Jasho na Damu, ndani yake kuna "Ndio Mzee", mwanasiasa anaahidi kila kitu huku watu wanaitikia tu. Nchi nzima ilicheka, lakini kilikuwa kicheko chenye uchungu. Naye 2015 akawa mbunge wa Mikumi.

Sasa angalia bei yake. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa huko Morogoro kwa ajili ya wimbo "Wapo", BASATA wakaufungia, halafu Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Yaani haki ya msanii ilitegemea mtu mmoja ameamkaje siku hiyo! Aprili mwaka huohuo Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe Records jijini Dar, wakaonekana baada ya siku kadhaa. Februari 2018 Sugu akahukumiwa miezi mitano jela kwa maneno aliyosema jukwaani kuhusu Rais, akatoka Mei.

Kwa nini nguvu nyingi hivyo kwa watu wenye kipaza sauti tu? Kwa sababu wimbo unaingia ndani ya basi bila tiketi. Asiyenunua gazeti anaukariri. Bibi shambani anausikia kwenye simu ya mjukuu wake. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe, tusidharau.

LAKINI... hapo kuna mtego. Msanii akimgusa mkubwa wa juu, kesho yake habari inakuwa ni msanii mwenyewe: kakamatwa, kaachiwa, kafungiwa. Tatizo aliloliimba linasahaulika. Kumtetea ni lazima, ila mkulima wa viazi anabaki palepale.

Na hapa ndipo nataka tuongee kwetu. Lumbesa! Kila anayelima viazi mviringo mkoa huu anaijua. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa nyongeza juu kwa kamba mpaka linatuna kama lina mimba. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wapo, na katazo limetangazwa mara nyingi tu. Bado mnunuzi anasema "hii ni gunia moja". Tuseme limebeba kilo 130. Kilo 30 umetoa bure. Ukiuza magunia kumi umegawa kilo 300, sawa na magunia matatu. Hiyo ni ada ya mtoto, wadau. Na mkulima akigoma, dalali anahamia shamba la jirani, kwa hiyo mmoja peke yake hawezi. Wakigoma kijiji kizima, lori litarudi tupu?

Hesabu hiyo inaingia kwenye beti moja. Beti ikikaririwa na vijana wanaopakia magari na wazee wanaolima, kila mtu anajua namba, na anajua kwamba jirani yake naye anaijua. Kugoma kwa pamoja kunaanzia hapo. Wagosi wa Kaya wa Tanga walituonyesha njia walipotoa "Wauguzi". Walishika kitu kimoja, huduma mbovu hospitalini, na msikilizaji alijua wodi inayosemwa ikoje.

Jingine ni UKIMWI. Utafiti wa 2022/23 ulionyesha Njombe ina maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, juu kuliko mikoa yote, wakati taifa zima ni 4.4. Ule wa 2016/17 Njombe ilikuwa 11.4. Mwaka 2004 Ferooz na Professor Jay walitutoa machozi na "Starehe", na Mwanafalsafa naye alikuwa na "Alikufa kwa Ngoma". Zilifaa kwa wakati ule, kifo kilikuwa mlangoni. Leo dawa ni bure na anayezitumia vizuri anaishi. Kinachotumaliza ni aibu: kijana anaona afadhali apande gari akachukue dawa wilaya nyingine kuliko kuonekana na jirani kwenye foleni ya CTC. Nani kamchania huyo? Nyimbo za kutisha hazimsaidii, zinamfukuza zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Hip hop haitungi sheria wala haishiki mizani. Kazi yake ni kufanya jambo linalosemwa kwa kunong'ona lisemwe kwa sauti, tena na wengi kwa pamoja. Baada ya hapo lazima kuwe na watu wa kulipeleka kwa diwani na kwenye vikao vya kijiji, la sivyo linaishia kwenye spika. Wachanaji wa Njombe na Makambako, acheni kuigiza maisha ya Dar na Marekani ambayo hamjayaishi. Gunia liko hapo nje linatuna.

Nawakilisha.