Kwa nini kitivo cha lugha kinahitaji tangi la samaki

Katika mkutano wa wanafunzi wa muhula uliopita nilisimama nikapendekeza kitivo chetu kiweke ukumbini tangi la kioo la lita 500, lenye mawe, mchanga na samaki hai wa ziwa. Ukumbi ulicheka. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimepotea njia nikitafuta Idara ya Biolojia. Mwingine alitaka kujua kama samaki hao wataliwa siku ya kuhitimu. Nami nilicheka, muda ukaisha, na hoja yangu haikuingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Ndiyo maana naiandika hapa, ili walimu na wanafunzi waipime wakiwa wametulia.

Nianze na kilichonifikisha huko. Kiangazi kilichopita nilikaa Uvira kwa mjomba wangu, mvuvi tangu ujana wake. Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu majina ya samaki wa ziwa Tanganyika, kwa hiyo nilikwenda na simu iliyojaa picha za samaki wa miambani. Nilimwonyesha mjomba picha moja baada ya nyingine. Kwa picha nyingi alijibu kitu kimoja: "Samaki wa mawe." Niliandika kwenye daftari kwamba mzungumzaji hatofautishi aina za samaki wasiovuliwa kwa chakula. Niliridhika, maana jibu hilo lilikubaliana na nilichokuwa nimekwisha kukiamini.

Siku mbili baadaye watoto wa jirani walileta ndoo ya samaki waliowanasa kwenye mawe ya ufukweni. Tuliwamimina kwenye beseni jeupe na kutia mawe mawili. Mjomba akachuchumaa, akakaa kimya kidogo. "Angalia huyu, mwanangu. Anatembea tumbo likielekea jiwe, jiwe likipinda naye anapinda. Huyu hapa ni mama, tazama koo lake, amebeba watoto mdomoni. Na yule ni mkali, hataki mwenzake apite mlangoni kwake." Kwa muda usiofika nusu saa alinipa majina matatu, mawili ya Kivira na moja ambalo alisema alilipata kwa Wabembe. Siyaandiki hapa kwa sababu nimeyasikia kwa mtu mmoja tu. Ile sentensi ya kwenye daftari niliifuta.

Kosa lilikuwa la mbinu, wala halikuwa la mjomba. Picha ilikuwa imewanyima samaki mwendo, na mwendo ndio aliokuwa akiutumia kuwatenganisha. Sisi wa isimu tunafundishwa kukusanya msamiati kwa orodha ya maneno ya Kifaransa au kwa picha. Kwa sehemu za mwili na vyombo vya jikoni njia hiyo inatosha. Kwa viumbe ambao mtu huwajua kwa namna wanavyoishi, inatuletea madaftari yaliyojaa "hawana jina". Na baadaye mtu mwingine husoma daftari hilo na kuandika kwamba lugha zetu ni maskini.

Wakati huohuo samaki hawa hawajakosa majina kabisa. Wanayo, ila yametolewa na wengine. Tropheus moorii, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1898, ana jina la Mwingereza Moore aliyeongoza msafara wa kisayansi ziwani. Julidochromis marlieri na Neolamprologus leleupi walipewa majina na Mbelgiji Max Poll mwaka 1956, kwa heshima ya Wabelgiji wenzake. Yupo hata Tanganicodus irsacae, aliyeitwa kwa jina la IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 na kuwa na makao yake Lwiro, hapa kwetu karibu, ambako leo kuna CRSN. Kuna samaki Tanganyika mwenye jina la ofisi ya Lwiro. Kama yupo mwenye jina la kisayansi lililotoka kwa mvuvi wa Uvira, mimi bado sijakutana naye.

Kisha ikaja biashara. Kuanzia miaka ya 1970 Pierre Brichard alikuwa Bujumbura akisafirisha samaki hai kwenda Ulaya na Marekani, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, anabeba jina lake. Leo nchini Ujerumani mtu aliye na akwariamu kubwa sebuleni anaweza kukutajia Kiriza, Bemba, Moliro na Kapampa bila kusitasita. Hayo ni majina ya mahali pa pwani yetu ya Kongo, na kwake ni majina ya aina za samaki, kwa sababu Tropheus au Frontosa wa kijiji kimoja huwa na rangi tofauti na wa kijiji kingine. Mjerumani huyo anajua vijiji vyetu kwa rangi za samaki. Mimi niliyezaliwa Kivu nilivijua kwake.

Najua jibu la baadhi yetu: Kiswahili kina majina mengi ya samaki tayari. Kweli, na mengi mazuri. Fungua kamusi utakutana na pono, kangaja, tasi, chewa na changu, samaki wa kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi. Mtu wa Mombasa au Zanzibar akitaka kutengeneza akwariamu ya maji ya chumvi, na kupima gramu 35 za chumvi kwa kila lita, maneno ya kuanzia anayo, kwa sababu wavuvi wa pwani waliyatunga na watunga kamusi wakawasikiliza. Samaki wa miamba ya Tanganyika bado hawajapata msikilizaji wa namna hiyo.

Na tusiseme watu wa ziwa hawatungi majina. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua samaki mdogo wa Tanganyika, Limnothrissa miodon, wakampandikiza kwenye ziwa Kivu. Huyo ndiye sambaza, anayevuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, na kuuzwa Kadutu kila asubuhi. Jina hilo halikutoka kwenye kamati. Inavutia kulihusisha na kitenzi kusambaa, lakini mvuto si ushahidi. Lenye uhakika ni hili: samaki mgeni aliingia mikononi mwa watu akiwa hai, na ndani ya kizazi kimoja akawa na jina la huku, tofauti na ndagala wa kule alikotoka.

Sasa nije kwenye tangi lenyewe, maana nimeambiwa ni ndoto. Nilijaribu dogo kwanza, na likaniaibisha. Nilirudi kutoka Uvira na samaki sita ndani ya bidoni, nikawaweka kwenye tangi la lita 80 chumbani siku ya pili tu baada ya kulijaza. Maji yalikuwa meupe, safi kwa macho. Siku ya tano wote sita walikuwa wamekufa.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba maji safi na maji yaliyo tayari ni vitu viwili. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa uchafu wake. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali kama hizo mbili na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye mawe, mchanga na sponji ya kichujio, na huchukua wiki nne hadi sita kujaa. Katika maji ya alikali kama ya Tanganyika, yenye pH karibu 9, amonia huwa na sumu kali zaidi. Kwa hiyo tangi huwashwa, hulishwa chakula kidogo bila samaki, na kungojwa. Wenye kuharakisha huzika.

Vipimo vinavyofaa ukumbi wetu ni sentimita 150 kwa 60 kwa 55, ambavyo vinatoa karibu lita 500. Kioo kiwe cha milimita 12 na kiungwe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Maji peke yake ni karibu kilo 500, bado mawe na kioo, kwa hiyo meza ya darasani haifai. Panahitajika kitako cha matofali juu ya sakafu ya chini. Mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, kwa sababu samaki hawa huchimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga huanguka. Kila wiki, robo ya maji ibadilishwe. Tropheus hula mwani wa kwenye mawe, na ukimlisha nyama tumbo humvimba na kumwua.

Maji ndiyo yaliyonifurahisha kuliko yote. Wafugaji wa Ulaya hununua pakiti za chumvi maalumu ili maji ya bomba yafanane na Tanganyika. Chumvi nyingi za Tanganyika zinatoka wapi? Zinateremka na mto Ruzizi kutoka Kivu. Maji ya Kivu yana chumvi zilizoyeyuka karibu mara mbili ya maji ya Tanganyika, na ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua unakaribia kiwango cha kule chini. Tuna ziwa mlangoni, na mvua ya Bukavu haihitaji kutafutwa. Kinachotakiwa ni kuchota mbali na mifereji ya mji na kupima kabla ya kutumia.

Wanaopinga wana hoja tatu nzito. Ya kwanza ni umeme. Ukikatika, kichujio husimama, hewa hupungua majini, na baada ya saa kadhaa hata bakteria huanza kufa. Jibu langu ni sponji zinazoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Pampu hiyo hutumia umeme kidogo sana, betri moja na paneli ya jua vinaiweza. Na tuweke samaki wachache, maana tangi lililojaa samaki halisamehi.

Ya pili ni gharama, wakati maktaba yetu inavuja. Nakubali kwamba paa la maktaba litangulie, na nitasaini barua hiyo leo. Lakini tangi likigawanywa kwa vitivo viwili, lugha na sayansi, halishindi gharama ya sherehe moja ya kuhitimu.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua: kuwatoa samaki ziwani ili tuwatazame. Wale sita bado nawakumbuka. Ndiyo maana napendekeza tuanze na tangi lisilo na samaki kwa wiki sita, kisha tuchukue wachache wa aina zilizo nyingi ufukweni, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa samaki, na wasafirishwe kwenye mifuko yenye theluthi moja ya maji na iliyobaki hewa, bila kulishwa siku moja kabla ya safari.

Faida kwa kitivo iko wapi? Kwanza, wavuvi wanaopita Bukavu watakaa mbele ya kioo na kuzungumza, nasi tutarekodi. Jina likitajwa na watu watano wasiofahamiana, tuliandike. Pili, tangi linahitaji mwongozo, na anayelitunza usiku ni mlinzi. Mwongozo wa Kifaransa hautamsaidia, na wa Kiswahili tutauandika sisi. Hapo tutaona ni maneno gani tunayo na yapi hatuna. "Kuatamia mdomoni" nilidhani nimelitunga, mpaka mjomba alipolielewa bila maelezo. "Nitrati" tutalikopa, wala hakuna aibu. Lakini tusikope neno kabla ya kumwuliza mtu anayeifanya kazi. Lile la "kichujio" mlinzi wetu analiita "mapafu", na sijui kama nina haki ya kumsahihisha.

Goyvaerts alipoandika mwaka 1988 kuhusu Indoubil ya vijana wa Bukavu, aliiona lugha mahali ilipokuwa ikitumika, mtaani. Sisi tunaishi mtaani humo, na bado tasnifu zetu nyingi hukusanya maneno kwenye meza. Mjomba wangu ana miaka sitini na nane. Majina matatu aliyonipa yalihitaji beseni, mawe mawili na nusu saa. Naomba hoja hii irudishwe kwenye mkutano ujao, na safari hii iandikwe kwenye kumbukumbu, hata kama ni kwa kukataliwa. Wa kwanza kujitolea kubeba matofali ni mimi.