Taa Inayowaka na Kuzima si Uongo wa Dereva



Leo tuzungumze juu ya taa. Si taa ya barabarani wala ya nyumbani, bali ile taa ndogo iliyo mbele ya usukani, yenye picha ya injini au ya kibirika kinachodondosha tone la oili. Katika magari makuukuu ya kazi taa hii huwaka asubuhi, ikazima saa nne, ikawaka tena jioni wakati wa kurudi. Imewatia madereva wengi matatani kuliko taa inayowaka moja kwa moja. Ile inayowaka moja kwa moja kila mtu huiona. Hii ya kuwaka na kuzima huonwa na dereva peke yake. Akifika garaji imekwisha zima, fundi haoni kitu, na msimamizi husema kwamba dereva anatafuta njia ya kukwepa safari.

Namjua dereva mmoja aliyekuwa akiendesha basi dogo la kuchukua wafanyakazi wa zamu. Mwajiri wake sitamtaja. Dereva huyo aliona taa nyekundu ya oili ikimetameta katika kona, akasema. Baada ya siku chache akaona tena, akasema tena. Mara ya tatu aliambiwa, "Taa yako hiyo inatuchosha," na balbu ikang'olewa. Haukupita muda mrefu injini ikakwama mlimani, watu wakiwa ndani. Kwa bahati gari lilikuwa linapanda, halikuwa linateremka. Baadaye ilisemwa kwamba dereva ndiye aliyeua injini, na mshahara wake ukaanza kukatwa. Mjumbe wa wafanyakazi alipokwenda kumtetea aliulizwa swali moja tu: "Iko wapi karatasi inayoonyesha kwamba alisema?" Karatasi haikuwapo. Alisema kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayakuhesabiwa.

Kwa hiyo nasema kwamba jambo hili si la mafundi peke yao. Ni jambo la chama.

Wapo watakaosema kwamba sisi wa kiwandani na wa shambani hatuna gari, hivyo taa hiyo haituhusu. Lakini nani huketi nyuma ya basi hilo? Barabara ya Taifa namba 1 inatoka Bujumbura, mji ulio kama mita 800 juu ya bahari, inapanda hadi Bugarama kwenye zaidi ya mita 2,000, na mwendo wote huo ni chini ya kilomita 50. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Teza wanaijua barabara hiyo, kona zake na ukungu wake. Injini ikizima katika mteremko kama ule, usukani wenye msaada wa injini huwa mzito, na breki zenye msaada wake hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Basi taa ile ni ya abiria kama ilivyo ya dereva.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana mfanyakazi anayejua habari ya kazi yake si rahisi kudanganywa.

Jambo la kwanza ni rangi. Nyekundu maana yake ni kusimama. Rangi ya chungwa maana yake ni kwamba kuna hitilafu ya kutafutwa mapema, lakini kwa kawaida gari linaweza kufika garaji kwa mwendo wa pole. Tena, katika magari ya miaka ya karibuni, taa ya chungwa ikiwa inapepesa huku injini inatetemeka, mtu asiendelee na safari ndefu, kwa sababu kuna petroli isiyochomwa inayokwenda kuharibu bomba la moshi.

Jambo la pili ni kuuliza: inawaka lini? Hapo ndipo penye siri ya taa ya kuwaka na kuzima. Taa nyekundu ya oili ikiwaka katika kona kali au ukifunga breki mteremkoni, kisha ikazima barabara inaponyooka, shuku kwanza kwamba oili imepungua, maana inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Ikiwaka gari linaposimama likiwa na moto, na ikazima unapokanyaga mafuta, basi presha ni ndogo: huenda oili imechakaa au ni nyepesi mno, chujio la ndani limeanza kuziba, au beringi na pampu zimelika. Ikiwaka kwenye mashimo na matuta tu, bila kujali moto wala mwendo, shuku waya uliochubuka au swichi ya oili yenyewe.

Ni kushuku tu, bado hujathibitisha. Uthibitisho una utaratibu wake. Simamisha gari mahali palipo sawa, zima injini, ngoja dakika chache, vuta kijiti cha kupimia oili. Kama oili inatosha, tazama waya wa swichi. Kisha fundi afungue swichi hiyo na kufunga geji ya presha mahali pake, injini iwashwe hadi ipate moto. Geji ikionyesha presha nzuri, kosa ni la swichi au waya, na dawa yake ni rahisi. Geji ikionyesha presha ndogo, taa ilisema kweli, na gari lisitoke garaji.

Taa ya chungwa ina utaratibu mwingine. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, ambayo bado tunayaona katika mitaa yetu, yana kisanduku kidogo chini ya boneti. Fundi anayejua huunganisha kwa kipande cha waya tundu lililoandikwa TE1 na lile lililoandikwa E1, akafungua swichi bila kupiga stata, kisha akahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani mzunguko wa kipima joto cha maji. Nne kisha moja ni 41, kipima mlango wa hewa. Ikipepesa mfululizo bila kutulia, hakuna kosa lililoandikwa. Asiyejua matundu hayo asiyaguse, maana kuunganisha pasipo pake kunaweza kuharibu kompyuta ya gari.

Magari mapya zaidi yana tundu la kuchomeka chombo cha kusomea makosa. Marekani ililazimisha tundu la namna moja kwa magari yote madogo tangu mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Sikilizeni jambo hili, wandugu: taa inaweza kuzima lakini kosa likabaki limeandikwa ndani, mara nyingi pamoja na moto wa injini na mwendo wa gari wakati ule. Kwa hiyo fundi anayefungua betri kabla ya kusoma, halafu akasema "gari halina kitu," amefuta ushahidi wa dereva.

Wala namba haisemi "badilisha kifaa hiki." Inasema tu "tafuta upande huu." Mara nyingi kosa la kuja na kwenda liko katika waya: kichwa cha betri kimelegea, waya wa kuunganisha betri na bodi umeota kutu, soketi imeingia maji baada ya injini kuoshwa. Fundi mwenye subira huacha injini ikinguruma, akatikisa nyaya kwa mkono moja baada ya nyingine, mbali na feni, hadi taa iwake. Pale ilipowaka ndipo penye ugonjwa. Mafundi wa Buyenzi wenye mikono ya namna hiyo wapo, nao wanastahili heshima na malipo yao. Petroli nayo isisahauliwe: katika miaka ya uhaba tangu 2021 watu wengi wamenunua ya vidumu, nayo ikichanganywa na maji au takataka humfanya mtu abadilishe buji bure.

Waajiri husema kwamba vipuri ni ghali, na fedha za kigeni za kuviagiza hazipatikani kwa urahisi. Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutafuta kabla ya kununua. Anayebadilisha vifaa vitatu kwa kubahatisha ametumia fedha mara tatu, na taa inawaka bado.

Nasi upande wetu tusijisifu bure. Wapo madereva wanaofunika taa kwa kipande cha karatasi ili abiria wasiulize. Wapo wanaotoka asubuhi bila kuvuta kijiti cha oili. Dereva wa namna hiyo akija kuomba utetezi, chama kitamtetea kwa shida, maana mficha maradhi kifo humfichua.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, kila gari linalobeba wafanyakazi liwe na daftari. Dereva aandike siku, saa, rangi ya taa, mahali, kama injini ilikuwa baridi au moto, na mwendo wa gari. Fundi naye aandike alichokipima, atie sahihi. Nakala moja ikae kwa dereva. Karatasi hiyo humsaidia fundi kupata kosa, na humwokoa dereva siku ya mashtaka.

Pili, dereva aliyeandika asikatwe mshahara kwa injini iliyokufa. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema kwamba mshahara haukatwi ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi si mojawapo ya hayo.

Tatu, taa nyekundu ikiwaka, dereva awe na haki ya kusimama bila kuadhibiwa, hata kama zamu itachelewa. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa kazini akiwa na sababu ya maana ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha yake. Mwezi wa Juni 2022 huko Geneva mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi. Nasi tulio nyuma ya basi tusimpigie kelele dereva aliyesimama. Tukichelewa, tushuke pamoja naye tukaeleze pamoja naye.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Daftari na kalamu vinauzwa katika kila duka la mtaani. Wajumbe wayapeleke katika mkutano ujao na waajiri, wasiondoke bila jibu. Dereva aandike, fundi atafute, msimamizi asikilize. Na balbu irudishwe mahali pake.