Simu Si Kabati: Kamera ya Nyumbani Tuichague Vipi?

 

Leo tuzungumze kamera. Najua utaniambia, "Kamera ya nini na simu ninayo?" Ndilo jibu ninalolipata kwa kila mtu huku Kasokola, kata ya Wilaya ya Mpanda mkoani Katavi, ambako riziki ilituleta. Ukishuka boti Dar es Salaam bado una zaidi ya kilomita elfu moja za bara mbele yako kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo jamaa zangu Unguja wanaishi nami kwa picha. Mtoto kang'oa jino, mahindi yamekomaa, futari ya leo ilikuwa hivi. Hizo napiga kwa simu, natuma, yanakwisha.

Lakini kuna fungu la pili la picha, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Picha ya mama yangu amekaa barazani ya uani, nywele nje, anasukwa. Picha yako ukiwa na mtoto mchanga kifuani. Bi harusi siku ya singo, au shangazi wote wamevaa kanga moja wanacheka mpaka machozi. Ni picha za kila siku hizi, si za studio, na kwa kweli ndizo nzuri kuliko zote. Simu siyo mahali pake.

Fikiria tu simu yako inavyoishi. Mtoto anaichezea. Shemeji anaiomba apige mara moja. Ikivunjika kioo, fundi anakuomba namba ya siri ili aijaribu, nawe unampa na kwenda sokoni. Usipozima, picha zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kidole kikiteleza picha ya uani imekaa kwenye statasi. Namjua dada mmoja aliyerudishiwa simu yake na fundi, na wiki ile ile akaambiwa na mtu asiyemjua vizuri kwamba "nyumbani kwenu kuzuri". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, na ni jambo jema. Ila sheria hufika baada ya picha kutoka.

Ndiyo maana shughuli nyingi za kinamama siku hizi mwenye shughuli anatangaza mlangoni: simu mikobani. Anafanya sawa. Hasara yake ni kwamba bi harusi anaondoka bila picha hata moja na nyanya yake, na nyanya hatungoji. Kamera moja, mikononi mwa mwanamke mmoja anayejulikana, inaondoa tatizo hilo kabisa.

Wala si jambo geni kwetu. Capital Art Studio pale Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na vizazi vya Wazanzibari vimepigwa picha katika studio kama ile. Filamu zilibaki kwa mwenye studio. Picha zako zilikuwa amana kwa mtu mwenye jina na mlango, ambaye ungeweza kumwendea. Tulipohamia kwenye simu tulidhani tumejitegemea, kumbe amana tumeihamisha kutoka kwa mtu tunayemjua kwenda kwa watu tusiowajua.

Sasa tuje kwenye kuchagua, na hapa mimi napingana na wauzaji. Watakwambia tafuta kamera yenye mtandao, inayorusha picha papo hapo. Kwa kamera ya uani mimi natafuta kinyume chake. Nikon D3500, kwa mfano, iliyotoka mwaka 2018, haina Wi-Fi. Ina Bluetooth tu. Duka litakuhesabia kuwa ni kasoro na litakupunguzia bei. Chukua hiyo bei. Hata kamera yenye Wi-Fi si haramu, wapenzi, kwani ukiizima inabaki imezimwa. Tofauti na simu, kamera haina tabia ya kupeleka kitu usipoiamuru.

Picha zote zinakaa kwenye memori kadi, na kadi inatoka, inatiwa kwenye kijaluba, inafungiwa kabatini pamoja na dhahabu. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: ukifuta picha kwenye kadi haijaondoka. Kilichofutwa ni kama ukurasa wa yaliyomo. Picha yenyewe ipo mpaka nyengine iandikwe juu yake, na programu za kuirudisha zinapatikana bure. Kwa hiyo kamera inauzwa au kuazimwa bila kadi yake. Kamwe usitoe kadi, hata kwa wifi yako umpendaye.

Megapikseli zisikusumbue. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, inahitaji kama megapikseli 2 tu ili itoke safi. Ukurasa mzima wa A4 haufiki 9. Kamera yoyote ya miaka kumi iliyopita inazo zaidi ya hizo. Kinachofanya kazi ni ukubwa wa kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Zile kamera ndogo za rangi rangi zinazotangazwa kuvuta picha mara thelathini, kihisi chake kina milimita 6 hivi kwa 4 na nusu, kidogo kuliko cha simu nyingi nzuri za sasa. Usipoteze pesa huko. Kamera ya mfukoni kama Sony RX100, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 2012, ina kihisi cha milimita 13 kwa 9, eneo mara nne ya kile. Zile kubwa zenye kioo ndani kama hiyo D3500 zinafika milimita 23 kwa 15, eneo zaidi ya mara kumi. Jikoni saa ya magharibi, taa moja, mvuke wa chungu, tofauti hiyo utaiona bila kuambiwa. (Simu nazo zina ujanja wa usiku, zinapiga picha kadhaa haraka na kuziunganisha. Mtu akikaa kimya zinapendeza. Mtoto wa miaka mitatu hakai kimya.)

Sasa jambo ambalo sijaona duka likilieleza, na linatuhusu sisi kuliko watu wengine: nguo zetu. Kamera haijui kwamba buibui ni jeusi. Inapopima mwanga inadhani kwamba ulimwengu wote kwa wastani ni rangi ya majivu. Ukijaza picha kwa wanawake watano wenye mabuibui, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na matokeo yake buibui linakuwa la kijivu na nyuso zinapauka kama zimepakwa unga. Mpige baba na kanzu yake nyeupe mbele ya bati linalong'aa, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa baba unabaki kivuli. Watu wanasema "kamera hii mbaya" au, vibaya zaidi, "mimi sitoki vizuri kwenye picha". Unatoka vizuri. Kinachokosekana ni kitufe.

Kitufe hicho kina alama ya kujumlisha na kutoa. Mabuibui mengi: punguza moja. Kanzu nyingi: ongeza moja. Uso mweusi mbele ya mlango wenye jua: ongeza, hata mbili. Ukienda kununua, ishike kamera na ukitafute. Kikiwa nje, unakibonyeza kwa dole gumba, inunue. Kikiwa kimejificha ndani ya menyu ya tatu, utakiacha baada ya wiki. Na picha ya Idi, baba kanzu nyeupe na mama buibui jeusi wamesimama pamoja, ndiyo ngumu kuliko zote. Jua la saa sita la Katavi wakati wa kiangazi halisamehe. Wapeleke chini ya mwembe, kivuli kizima, kisiwe cha matundu matundu, halafu pima kwa ajili ya nyuso. Nguo zitajitengeneza.

Betri. Mpanda kwa miaka mingi ilikuwa ikitegemea majenereta ya mafuta, na watu wa huku wamezoea kuuliza kila kifaa kinakula umeme kiasi gani. Na mimi nimejifunza kuuliza. Kwa vipimo vya watengenezaji, D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja. RX100 ya kwanza inapiga 330, lakini inachajiwa kwa waya mdogo wa USB kama simu, kwa hiyo sola ya nyumbani inatosha. Betri ya Nikon inatoka na chaja ya ukutani. Ukiwa na sola tafuta chaja yake ya USB. Kwa anayekaa mbali na umeme, mambo hayo mawili ni makubwa kuliko jina la kampuni.

Kamera za namna hii utazikuta za mtumba, Kariakoo au Darajani, na hapo ujue ilikotoka. Adui wa kamera visiwani ni unyevu: kuvu humea ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Washa tochi ya simu, imulike lenzi upande mmoja, chungulia upande wa pili, au kwa kamera ya mfukoni mulika kutoka mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzi nyuzi, rudisha, hata ukipunguziwa nusu. Huku kwetu adui ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo huingia kwenye lenzi za kuchomoka na kurudi ndani. Dawa yake ni mfuko wa nailoni na kutobadilisha lenzi nje. Visiwani tia kamera kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usitumie, una vumbi lake.

Majirani zangu wengi hapa si Waislamu, na nilidhani jambo hili la picha za uani litakuwa letu peke yetu. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikatoa kamera. Jirani yangu, mama wa Kifipa, akaweka mkono usoni.

"Mama Nasra, hiyo picha haitakwenda WhatsApp?"

"Haina WhatsApp, dada."

Akaondoa mkono. Na picha ile, wallahi, ni nzuri.

Limebaki la karatasi. Studio za mjini Mpanda zinasafisha picha vizuri, na za watoto na mashamba napeleka huko kwenye kadi nyengine yenye picha hizo tu. Za uani sipeleki. Kuna printa ndogo za nyumbani, Canon Selphy kwa mfano, zinazotoa picha ya sentimita 10 kwa 15. Kadhaa kati yake zina tundu la memori kadi, unachomeka na kuchapa bila kompyuta wala mtandao. Karatasi na wino huuzwa pamoja, na si rahisi. Kila picha ina gharama yake, kwa hiyo unachagua ipi inastahili, jambo ambalo simu ilitusahaulisha. Haina maana kila nyumba kuwa na yake. Wanawake wanne wa ukoo mmoja wakichangia inatosha, ikikaa kwa aliye mtulivu zaidi, na kila mmoja aje na kadi yake na aondoke nayo. Mkinunua, anzeni na nyanya.