UCHAMBUZI: Dadu ya mkononi au ya simu? Suala ni nani anayeirusha

KATIKA vituo vya bodaboda kando ya barabara ya Thika kuelekea Garissa, wadi ya Gatuanyaga, dadu za aina mbili hurushwa jioni abiria wanapopungua. Ya kwanza ni ya plastiki. Hutikiswa ndani ya kikombe na kumwagwa juu ya ubao wa ludo uliolazwa kwenye kreti ya soda, huku macho ya wote waliopo yakiifuata hadi itulie. Ya pili haina umbo. Imo ndani ya simu, hubingirika pale kidole kinapogusa kioo, na mara nyingi anayeiona ni mwenye simu peke yake.

Ipi kati ya hizo mbili inafaa kuaminiwa? Swali hili laweza kuonekana la watoto au la watu wasio na kazi. Lakini tangu dadu ya simu ilipounganishwa na pesa za simu, limekuwa swali la kodi ya nyumba, karo na mkopo wa pikipiki.

Kwingineko duniani, swali hilo hujadiliwa sana na wapenzi wa michezo ya uigizaji ya mezani. Mchezo maarufu zaidi wa aina hiyo ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka wa 1974. Katika mchezo huo, mmoja husimulia kisa, wengine huwa wahusika ndani ya kisa hicho, na dadu huamua iwapo upanga utampata adui au utakata hewa. Dadu zake si za pande sita pekee. Zipo za pande nne, nane, 10, 12 na 20. Kwa kuwa dadu kama hizo ni nadra katika maduka ya kawaida, ambako dadu ya pande sita huuzwa pamoja na ubao wa ludo, mwanafunzi wa Juja au Thika anayetaka kuucheza hujikuta akitegemea programu ya simu. Wakati wa janga la korona mwaka wa 2020, watu walipofungiwa majumbani, mitandao kama Roll20, iliyoanzishwa mwaka wa 2012, ndiyo iliyokuwa meza yenyewe.

Ni vyema kuanza na hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotoka. Imani iliyoenea ni kwamba kitu kinachoshikika hakiwezi kudanganya. Ukweli ni kwamba dadu ya plastiki ya bei rahisi ina kasoro. Madoa yake huchimbwa, na upande wenye madoa sita hupoteza plastiki nyingi kuliko upande wenye doa moja. Upande huo ukiwa mwepesi, huelekea kutazama juu mara nyingi zaidi. Mwanasayansi wa Uingereza, W.F.R. Weldon, alilithibitisha jambo hilo mwaka wa 1894 kwa subira ya ajabu: dadu 12 zilirushwa pamoja mara 26,306, jumla ya matokeo 315,672. Tano na sita kwa pamoja zilipaswa kutokea kwa asilimia 33.33. Zilitokea kwa asilimia 33.77. Takwimu hizo zilitumiwa na Karl Pearson mwaka wa 1900 alipobuni njia ya kupima iwapo tofauti kama hiyo ni ya bahati tu au ina chanzo.

Tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana kwenye kreti ya soda. Ndiyo maana kasino kubwa hazitumii dadu za aina hiyo. Zao huwa za plastiki angavu, kingo kali, na madoa yaliyojazwa kwa rangi yenye uzito sawa na plastiki iliyoondolewa.

Programu ya simu haina doa la kuchimbwa. Huanza na namba fulani, inayoitwa mbegu, kisha huikoroga kwa hesabu ndefu hadi itoke namba isiyoweza kukisiwa na mtu wa kawaida. Ikiwa imeandikwa vyema, matokeo yake huwa sawa kuliko ya dadu nyingi za dukani. Kwa mizani ya hesabu peke yake, basi, simu inashinda.

Mbona basi malalamiko hayaishi? Mchezaji wa ludo katika simu hulalamika kwamba programu inamnyima sita makusudi ili kete zake zisitoke nyumbani. Hesabu yamjibu. Uwezekano wa mtu kurusha dadu halali mara 10 za kwanza bila kupata sita hata moja ni takriban 16 kati ya 100. Wakicheza watu wanne, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafikwa na balaa hilo unapita kidogo nusu. Kwa maneno mengine, karibu kila mchezo wa pili wa watu wanne una mtu aliyekaa akiwatazama wenzake wakizunguka ubao. Kwenye kreti mtu huyo huchekwa na kulaumu mkono wake. Kwenye simu hulaumu aliyeiunda programu. (Aliyewahi kucheza ludo na mashemeji anajua kwamba hata kwenye kreti lawama hupata mwenyewe.)

Kipimo kipo kwa anayeshuku. Dadu irushwe mara 600 na matokeo yaandikwe. Kila upande unatarajiwa kutokea mara 100 hivi. Upande uliotokea mara 110 hauna hatia. Uliotokea mara 130 unastahili kuulizwa maswali. Kuirusha mara 60 pekee, kama wengi wafanyavyo, hakuthibitishi lolote, kwa kuwa sita kutokea mara 14 badala ya 10 ni jambo la kawaida kabisa.

Lakini kipimo hicho kinafaa dhidi ya kasoro tu, hakifai dhidi ya hila. Hapa ndipo tofauti halisi kati ya dadu hizo mbili inapojitokeza.

Kenya inaijua vyema hila ya mkono. Mchezo wa pata potea, wa karata tatu zinazozungushwa kwa kasi huku washirika wa mchezeshaji wakijifanya washindi, umewafilisi wasafiri katika vituo vya magari kwa miaka mingi. Karata zilikuwa wazi, mikono ilikuwa wazi, na pesa zilikwenda. Kushikika kwa kifaa hakukumsaidia aliyecheza na watu asiowajua.

Hila ya kompyuta ni ya namna nyingine. Nchini Marekani, Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa habari katika shirika la bahati nasibu la majimbo kadhaa. Alipenyeza katika programu ya kuchagua namba maagizo machache yaliyofanya matokeo yaweze kukisiwa katika siku fulani za mwaka. Tiketi ya droo ya Desemba 2010, yenye zawadi ya dola milioni 16.5, ndiyo iliyomfichua, na mwaka wa 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. La kuzingatia ni kwamba siku nyingine zote programu yake ilifanya kazi barabara. Mtu angeirusha mara 600, au mara 6,000, asigundue chochote.

Haki ya kukagua ndiyo inayogawanya dadu hizi mbili, na wakazi wa Thika na Ruiru hawahitaji kufunzwa maana yake. Kampuni za ununuzi wa ardhi zilipogawia wanachama mashamba baada ya uhuru, wengi walijua sehemu yao kwa kuokota karatasi yenye namba mbele ya wenzao. Kura hiyo ilikuwa na kasoro zake: karatasi zisipochanganywa vizuri, za mwisho kuingia huwa za kwanza kutoka. Hata serikali ya Marekani ilijikwaa hapo Desemba 1, 1969, ilipochagua vijana wa kupelekwa vitani Vietnam kwa kutoa vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa; vidonge havikukorogwa vya kutosha, na waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka wakaumia zaidi. Hata hivyo, kasoro hiyo iligunduliwa kwa sababu utaratibu wote ulifanyika hadharani. Yeyote mwenye kalamu aliweza kuukagua.

Kwa upande mwingine, itakumbukwa kwamba mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliiagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake zikaguliwe. Tume haikutimiza agizo hilo kikamilifu, na hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyoigharimu pale uchaguzi wa urais ulipofutwa Septemba 1 mwaka huo. Tangu wakati huo wito wa kufungua seva umekuwa sehemu ya lugha ya kila siku. Mwananchi hakudai kwamba kompyuta haijui kujumlisha. Alidai aone.

Mchezaji kamari wa Gatuanyaga hana mahakama ya kumfungulia seva. Mwaka wa 2018 serikali, chini ya aliyekuwa Waziri wa Usalama Fred Matiang'i, ilizikamata na kuziteketeza mashine za kamari zilizokuwa zimetapakaa katika maduka ya vijijini. Wengi walishangilia, na si bila sababu, kwani watoto walikuwa wakizilisha sarafu za nauli. Lakini mashine ile ilikuwa na mahali; chifu aliweza kuifikia na mzazi aliweza kumfuata mwanawe huko. Iliyochukua nafasi yake imo mfukoni.

Miongoni mwa michezo ya simu iliyovuma zaidi ni Aviator, wa kampuni ya Spribe, ambamo kindege hupaa na mchezaji hutakiwa kutoa pesa zake kabla hakijatoweka. Kwa haki, waundaji wake wamejaribu kujibu swali la ukaguzi. Matokeo ya kila duru hutokana na mbegu ya seva pamoja na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza, na baadaye mchezaji anaweza kuihakiki hesabu yenyewe. Ni hatua njema kuliko kimya. Ila ni wangapi, usiku wa manane, pikipiki ikiwa inadaiwa, watakaokaa kuhakiki mnyororo wa herufi na tarakimu usiosomeka?

Tena dadu ya haki haimaanishi mchezo wa haki. Kwenye ubao wa ludo wote hutumia dadu moja na kila mmoja ana nafasi sawa na mwenzake. Katika mchezo wa kamari mwenye nyumba amejitengea sehemu yake kabla dadu haijatupwa. Aviator yenyewe inatangaza kurudisha asilimia 97 kwa wastani. Shilingi tatu katika mia zaonekana kidogo, hadi ikumbukwe kwamba duru huisha kwa sekunde chache na shilingi ile ile huzungushwa tena na tena. Anayeweka Sh100 mara 50 kwa jioni moja amecheza Sh5,000, na kwa wastani ameacha Sh150, hata kama hakuna aliyemwibia. Akifanya hivyo kila jioni kwa mwezi, ni Sh4,500.

Sheria imechelewa kufika. Hadi mwaka wa 2025 kamari nchini iliongozwa na sheria ya mwaka wa 1966, iliyotungwa miongo minne kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007. Aprili 29, 2025, bodi ya kudhibiti kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, inayobuni mamlaka mpya ya kusimamia sekta hiyo. Wakati huo huo, Sheria ya Fedha ya 2025 ilihamisha ushuru kutoka asilimia 15 ya pesa zinazochezwa hadi asilimia tano ya pesa zinazowekwa kwenye akaunti ya mchezaji. Hapa pana mgongano usiosemwa kwa sauti: Hazina ya Kitaifa hunufaika mchezaji anapoendelea kuweka pesa, ilhali mamlaka inatakiwa kumlinda asiweke kupita kiasi.

Kipimo cha mamlaka hiyo hakitakuwa idadi ya leseni itakazotoa au kufuta. Kitakuwa iwapo itaajiri watu wanaoweza kuisoma programu yenyewe, maagizo kwa maagizo, kama yale ya Tipton yalivyopaswa kusomwa mapema, na kuchapisha walichokikuta kwa lugha anayoielewa mwendesha bodaboda.

Kwa wale wasiocheza kwa pesa, uamuzi ni mwepesi zaidi. Kundi lililotawanyika, mmoja Ruiru, mwingine Munyu, mwingine ughaibuni, halina budi kutumia programu, na halipotezi kitu likifanya hivyo. Kundi lililoketi pamoja linafaidika na dadu ya mkononi hata kama ina hitilafu ndogo, kwa sababu hitilafu hiyo inawahusu wote sawasawa na hakuna anayeimiliki. Panapokosekana dadu ya pande 20, simu moja iwekwe katikati ya meza, kioo kikitazama juu, na kila mmoja aiguse zamu yake ifikapo. Vijana wa ludo wanayo kanuni ya namna hiyo tayari, ingawa hawajaiandika popote: dadu iliyoanguka chini ya kreti, ambako ni mmoja tu aliyeiona, haihesabiwi. Hurushwa upya.